Mtu Mmoja wa Subukia, Wanne wa Naivasha

Ukitoka Nairobi kuelekea Nakuru, ukishaiacha Gilgil nyuma, moshi ndio unakuambia umefika Kikopey. Hoteli za nyama choma zimepanga foleni kando ya barabara, vijana waliovaa makoti meupe wanapungia kila gari, na mbuzi wananing'inia nyuma ya vioo. Watu husimama, wanakula, wananawa mikono, wanaendelea na safari. Sijawahi kusikia mtu akiuliza amesimama katika eneobunge gani.

Jibu ni Gilgil. Lakini jibu hilo ni dogo kwangu kiumri. Mpaka 2012 Kikopey ilikuwa ndani ya Naivasha, na mbunge wetu wa mwisho huko alikuwa John Mututho, yule ambaye rika langu wanamjua kama saa za kufungua baa. Halafu Tume ya Uchaguzi ikachora mstari, Naivasha ikapasuka mara mbili, na 2013 wazazi wetu wakamchagua Mathenge Ndiritu kuwa mbunge wa kwanza wa Gilgil. Martha Wangari alikichukua kiti hicho 2017, akakitetea 2022. Hakuna aliyefunga mizigo. Nyumba hazikusogea hata hatua moja. Ila tulikuwa tumehama, na wengi waligundua siku ya kupiga kura.

Nilianza kufuatilia huo mstari kwa sababu ya pesa, sitaficha. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na kwa muda fulani nilikuwa nimekariri kila kitu kuhusu basari: nani hutoa, lini, fomu gani, muhuri wa nani. Sidai kuna ofisi iliyonionea. Lakini ukishakuwa mtu wa kuhesabu shilingi, unaanza kuuliza mfuko unagawanywa na watu wangapi. Hapo ndipo nilipokutana na sensa.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Gawanya kwa maeneobunge 290, unapata 164,015. Hicho ndicho kipimo, idadi ya watu ambao mbunge mmoja angewawakilisha kama viti vingegawanywa sawa. Katiba, kifungu cha 89, haitaki usawa wa kupima kwa uzi. Inakubali eneobunge lizidi au lipungue kipimo kwa asilimia 30, na kwa majiji na sehemu zenye watu wachache waliotawanyika, asilimia 40. Kwa hivyo eneobunge la kawaida linafaa kuwa na watu kati ya 114,810 na 213,219, hivi. Sasa acha nchi nzima, tazama Kaunti ya Nakuru peke yake. Kaunti ndogo ya Gilgil ina watu 185,209. Sawa. Kaunti ndogo ya Subukia ina 85,164. Naivasha ina 355,383.

Soma tena hizo mbili za mwisho. Subukia na Naivasha ziko kaunti moja, chini ya gavana mmoja na seneta mmoja. Kila moja ina mbunge mmoja. Mtu mmoja wa Subukia, akiingia bungeni kupitia mbunge wake, ana uzito wa watu wanne wa Naivasha na chenji inabaki.

Na si uzito wa maneno tu. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, ile tunayoiita CDF, ilianza 2003, na kwa sheria yake ya 2015 kila eneobunge lilipewa mgao sawa na lingine. Ndiyo inayojenga madarasa na kulipa basari. Tuseme kila eneobunge limepewa milioni 100, kwa urahisi wa hesabu. Subukia hiyo ni kama shilingi 1,174 kwa kila mtu. Gilgil ni 540. Naivasha ni 281. Mtoto wa mfanyakazi wa maua kule Karagita anajaza fomu ileile, anapiga mhuri uleule kwa chifu, lakini foleni iliyo mbele yake ni ndefu mara nne. Mahakama zimeikataa hazina hii kwa sababu zake nyingine: Mahakama ya Upeo iliitupa sheria ya 2013 mnamo Agosti 2022, na Mahakama Kuu ikaikataa ile ya 2015 mnamo Septemba 2024, kwamba wabunge hawafai kushika kazi ya serikali kuu na ya kaunti. Sawa. Lakini pesa ikigawanywa kwa eneobunge, popote itakapopitia, ule mstari ndio unaoamua fungu lako.

Ukiwa na hasira utasema Subukia wameiba. Hawajaiba. Nina jamaa huko, ni watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa na barabara za matope kama sisi. Wao walibaki palepale. Walioongezeka ni wengine, na mstari haukuongezeka nao.

*

Lakini mistari hapa kwetu haikuanza na kura. Ilianza na ng'ombe.

Mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, wakatolewa katika bonde hili la Naivasha na Nakuru, wakagawanywa pande mbili: wengine Laikipia, wengine kusini. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine wa kuwatoa Laikipia pia, na walipoenda mahakamani 1913 walishindwa. Ardhi iliyobaki wazi haikukaa wazi. Lord Delamere alichukua Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Shemeji yake, Galbraith Cole, alichukua ranchi ya jirani, iliyoandikwa Kekopey. Ndiyo sisi hao. Jina tunalolitaja tukiitisha kilo moja na ugali ni la Kimaasai, limebaki hapa kama kigingi cha boma lililohama.

Cole huyo, 1911, alimpiga risasi mtu aliyemshuku kumwibia kondoo, mtu akafa. Baraza la wazungu wenzake mahakamani likamwachilia. Gavana Girouard akaona aibu, akamfukuza nchini. Baadaye akarudi, na amezikwa hapa juu, kwenye shamba lake.

Nataja habari hii kwa sababu ya kilichofuata miaka tisa baadaye. Februari 1920 koloni lilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Nchi ilichorwa maeneo 11 ya uchaguzi, na waliopiga kura ni Wazungu, waume kwa wake. Mwaka uliofuata walihesabiwa na kupatikana hawafiki 10,000. Mmoja wa maeneo hayo ilikuwa Bonde la Ufa, na mbunge wake akawa Lord Delamere, jirani yetu. Mwafrika hakuwa na kura wala mstari. Wahindi, waliokuwa zaidi ya mara mbili ya Wazungu, waligoma kwa kunyimwa usawa, na waraka wa Devonshire wa 1923 ulipokuja kuwapa viti, uliwapa vitano. Wazungu wakabaki na 11. Waafrika, mamilioni, wakasemewa na mmisionari mmoja wa kuteuliwa.

Kwa hivyo ramani ya kwanza ya uchaguzi iliyopita juu ya Kikopey ilikuwa safi kabisa ukiitazama kwa wino. Mistari imenyooka, maeneo yametajwa majina, kura zimehesabiwa. Uchafu ulikuwa umefanyika kabla, kwa miguu, 1904. Ukishahamisha watu, ramani inajichora yenyewe.

Waafrika walipoanza kupiga kura 1957, walipewa viti vinane kwa nchi nzima, na si kila mtu alipiga: ulihitaji elimu, au mali, au utumishi, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa mpaka kura tatu. Bonde la Ufa lote lilikuwa kiti kimoja. Kilienda kwa mwalimu mmoja wa Baringo, Daniel arap Moi. Kutoka hapo hakuwahi kukosa bungeni mpaka 2002.

Halafu 1961. Huu uchaguzi unafaa kufundishwa shuleni, si kutajwa tu. KANU ilipata kama asilimia 67 ya kura na KADU kama 16. Kati ya viti 33 vilivyokuwa wazi kwa wote, KANU ilipata 19 na KADU 11. Kura mara nne, viti hata mara mbili havifiki. Hakuna sanduku lililoibwa kueleza pengo hilo. Maeneo ya wafugaji na ya jamii ndogo yalikuwa na watu wachache kwa kila kiti, na maeneo ya kati na ya ziwa yalikuwa yamejaa. Jamii ndogo ziliogopa kumezwa, Waingereza walikuwa na sababu zao za kusikiliza hofu hiyo, na mstari ukachorwa ndani ya hofu. Sisemi hofu ilikuwa ya uongo.

Mwaka uliofuata, 1962, tume ya Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchi ikiuliza watu wanataka kukaa jimbo gani na nani. Hebu fikiria swali hilo likiulizwa Nakuru. Wamaasai walikuwa wametoka London kudai ardhi yao ya zamani. Wakalenjin na KADU walitaka Bonde la Ufa liwe lao. Wakikuyu walikuwa wamejaa mashamba ya wazungu kama vibarua kwa vizazi viwili, na wengine hawakuwa na kwingine pa kurudi. Tume ikakata. Kinangop na Ol Kalou zikaenda Jimbo la Kati, zikawa Nyandarua. Naivasha na Gilgil zikabaki Bonde la Ufa. Ukisimama Kikopey ukatazama mashariki, ile milima ya juu ni upande mwingine wa uamuzi huo. Watu wa huku na wa kule ni walewale, wanaoana, wanazikana, lakini kwa miaka hamsini walipiga kura katika siasa mbili tofauti: kule wengi, huku wageni.

*

Baada ya uhuru viti viliongezeka kama sahani za harusi. Vilikuwa 117 mwaka 1963. Seneti ilipovunjwa 1966, maseneta 41 walihitaji mahali pa kukaa, basi wakaundiwa maeneobunge, vikawa 158. Uchaguzi wa 1988 ulikuwa na 188. Wa 1997 ulikuwa na 210, na Bonde la Ufa peke yake likawa na 49. Sipendi hadithi ya kwamba kila kiti kipya kilikuwa hila ya Moi. Vingine vilihitajika. Lakini tazama 1992: Moi alishinda urais kwa kama asilimia 36 ya kura, na KANU ikaondoka na viti 100 kati ya 188. Upinzani uliojigawa ulichangia sana. Ramani nayo ilichangia.

Na pale ramani ilipokuwa nzito kusogea, watu walisogezwa. Mapigano ya 1991 mpaka 1993 yaliwatoa watu Molo, Burnt Forest, na Oktoba 1993 Enoosupukia kule Narok. Waliofukuzwa Enoosupukia walishuka wakavuka mpaka wakaingia Maella, upande wa Naivasha. Mtu aliyefukuzwa hivyo amepoteza shamba, na amepoteza kura pia, kwa sababu kura yako iko mahali ulipoandikishwa. Kila familia iliyoshuka mlima ilikuwa kura imepungua Narok. Maiella leo ni wadi ya Naivasha, na wajukuu wa waliokimbia ni miongoni mwa wale 355,383.

Huku kwetu kuhama kulikuwa kwa amani zaidi. Ranchi ya Cole iliuzwa kwa ushirika wa wakulima, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mashamba madogo yalikuwa yameanza kuota pale palipokuwa na malisho. Kulikuwa na nyani hapa, maarufu duniani, waliochunguzwa kwa miaka na mwanasayansi Mmarekani Shirley Strum. Wakaanza kula mahindi ya watu. Mwaka 1984 wakakamatwa na kupelekwa Laikipia. Kwa hivyo ndio, kuanzia Wamaasai mpaka nyani, ukionekana umezidi Kikopey unapelekwa Laikipia. Wazee hucheka wakisimulia hiyo ya nyani. Ya kwanza hawachekelei.

*

Baada ya vita vya 2007 na 2008, tume ya jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ilichunguza uchaguzi ule na, pamoja na mengine, ikasema ukubwa wa maeneobunge hauna usawa na mipaka ichorwe upya. Andrew Ligale akapewa kazi hiyo. Ripoti yake ya 2010 ilikuwa na maeneobunge mapya 80, ikazua kelele bungeni na kesi mahakamani, ikakwama. Katiba mpya ikaweka idadi iwe 290, na IEBC chini ya Issack Hassan ikamalizia Machi 2012 kwa hesabu ya sensa ya 2009. Kesi nazo zilifuata, Mahakama Kuu ikazikusanya, ikarekebisha mipaka kadhaa Julai, na ndiyo ramani tunayotumia.

Nakuru ilitoka viti sita ikawa 11. Naivasha ya zamani ilikuwa na watu 376,243 na mbunge mmoja, kwa hivyo hata mtu mvivu wa hesabu aliona lazima ikatwe. Ikakatwa: Gilgil 152,102, Naivasha 224,141. Kipimo cha wakati huo kilikuwa 133,138. Ukiongeza asilimia 40 nzima, unafika 186,393. Naivasha mpya ilizaliwa ikiwa tayari imepita kikomo cha juu kabisa cha Katiba iliyoizaa.

Sababu moja iko mwisho wa kitabu, kwenye masharti ya mpito ambayo hakuna mtu husoma. Katiba ilisema mapitio ya kwanza yasifute eneobunge lolote lililokuwepo. Maeneobunge 27 yalikuwa na watu wachache mno kwa kipimo kipya, na yakalindwa. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841, chini ya wanafunzi wa chuo kikubwa kimoja. Lakini orodha hiyo si ya pwani na kaskazini tu. Ndaragwa ilikuwemo, jirani yetu hapo Nyandarua. Othaya, eneobunge la rais wa wakati huo Mwai Kibaki, ilikuwemo. Tetu na Mathioya pia. Mlima unaopiga kelele za mtu mmoja, kura moja, shilingi moja una viti vyake ambavyo usawa huo ungevila. Wanasiasa wake wanajua. Ndiyo maana wimbo unaimbwa kwa sauti kubwa kwenye mikutano na kwa sauti ndogo kwenye kamati.

Ulinzi ule ulikuwa wa mara moja. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi 12, na duru ya pili haina kinga. Miaka 12 iliisha Machi 2024. Siku hiyo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja. Wafula Chebukati na wenzake wawili wa mwisho walimaliza muhula Januari 2023, wale wengine wanne nao waliondoka baada ya kugawanyika juu ya matokeo ya 2022, na viti vikakaa tupu mpaka Erastus Ethekon na tume yake walipoapishwa Julai 2025. Miaka miwili na nusu. Kulikuwa na kesi, kulikuwa na mivutano ya jopo la uteuzi, kila upande una maelezo. Mimi naona pia kwamba wabunge 290 walioketi hawakuwa na haraka ya kumwajiri fundi ambaye kazi yake ya kwanza ni kubomoa vyumba vyao.

Marekani walipitia hii. Watu wengi wanaposikia Marekani na mipaka ya uchaguzi wanafikiria zile ramani zilizopindwa kama mjusi, na kweli zipo, tangu Massachusetts ya 1812. Lakini kisa kinachofanana na chetu ni cha Tennessee. Bunge la jimbo hilo lilichora mipaka 1901, kisha likaacha. Watu wakahamia Memphis na Nashville, mashamba yakabaki na viti vyake, na wabunge wa mashamba hawakuona sababu ya kujipunguza. Miaka 60. Iliishia Mahakama ya Upeo, kesi ya Baker v. Carr, 1962, mwaka uleule Foster-Sutton alipokuwa akizunguka kwetu. Hakuna aliyepinda mstari Tennessee. Waliuacha tu ukae. Naivasha iliongeza watu 131,242 kati ya sensa mbili, wengi wakifuata maua, stima ya mvuke ya Olkaria na bei ya ploti, na mstari wa 2012 umekaa tu.

Tena usawa si kitu kigeni hata hapa. Tume ileile, mwaka uleule, ilichora wadi za kaunti kwa akili zaidi. Naivasha ina wadi nane, Gilgil tano, Subukia tatu. Kwenye bunge la kaunti Nakuru mjini, Naivasha ina madiwani nane. Pale ukumbini hakuna aliyekufa kwa ajili ya hilo.

*

Kuna jibu ambalo siwezi kulipita haraka. Kaunti ya Marsabit ina kama kilomita mraba 70,000 na wabunge wanne. Ukiwapima watu wa North Horr kwa idadi tu, unawaambia kwamba miaka 60 ya kukosa barabara ilikuwa kosa lao la kuwa wachache. Na mtu wa Naivasha anapata huduma kwa kupanda matatu ya shilingi 50. Wa Laisamis anasafiri siku nzima. Nakubali. Katiba yenyewe inakubali, ndiyo maana ya ile asilimia 40.

Lakini ugumu wangu uko karibu zaidi na nyumbani. Tukisema tuhesabu watu, tunahesabu kuanzia lini? Mmaasai akiwa Naivasha leo ni mmoja kati ya wengi sana, na usawa wa kura hautampa mbunge. Alikuwa wengi hapa, kabla ya 1904. Babu zangu walikuja kwenye pengo lililoachwa, wakafanya kazi, wakanunua kihalali, wakazaa, na sasa mimi mjukuu nasimama nikidai kila kichwa kihesabiwe sawa. Nadai kweli, na sitarudi nyuma. Ila najua hesabu yangu inaanza baada ya kitu fulani kufanyika. Sina kipimo cha kurekebisha hilo kwa mstari wa uchaguzi, na sidhani ni kazi ya mstari wa uchaguzi. Hiyo ni kazi ya ardhi, na tume za ardhi zimekuwa na mengi ya kusema na machache ya kutenda.

Ya Subukia na Naivasha haina kisingizio hicho. Hakuna jangwa kati yao. Mtu wa Subukia hajatengwa zaidi ya mtu wa Mai Mahiu. Hapo ni uzembe wa ramani.

Shida ni kwamba 290 ni dari. BBI ilijaribu kuiongeza, viti 70 zaidi, na Nakuru ilikuwa kati ya kaunti zilizoahidiwa vingi. Ungekuwa mpango mtamu, kila mtu anaongezewa na hakuna anayepokonywa, bili inatumwa kwa mlipa kodi. Machi 2022 Mahakama ya Upeo ilisema sehemu hiyo ya viti ilipenyezwa bila wananchi kuulizwa, ikaitupa. Kwa hivyo kiti kipya cha Naivasha kitatoka kwa mtu. Pengine Lamu, pengine Nyeri, pengine kwa jamaa zangu wa Subukia, ambao wangelazimika kurudishwa kwa majirani wao wa Bahati.

Fanya hesabu yetu ya mwisho. Naivasha na Gilgil pamoja, yaani Naivasha ile ya Mututho, zina watu 540,592. Kwa wabunge wawili, kila mmoja anabeba 270,296. Kwa watatu, 180,197, na hata hapo bado tuko juu ya kipimo. Kiti cha tatu kingepatikana, mstari wake ungepita mahali fulani kati ya ziwa Naivasha na Elmenteita. Yaani hapa hapa, Kikopey na majirani zake, tungeamka tukiwa eneobunge letu la tatu bila kusogeza kiti cha plastiki.

Ila si karibuni. IEBC imeshasema mapitio hayo hayawezi kumalizika kabla ya uchaguzi wa 2027. Sensa iliyochora mistari ya sasa ilifanyika usiku wa tarehe 24 Agosti 2009. Mtoto aliyezaliwa Juni mwaka huo alihesabiwa usiku huo akiwa amefungwa mgongoni, mmoja kati ya wale 376,243 wa Naivasha moja. Agosti 2027 atakuwa na miaka 18. Atapanga foleni kupiga kura yake ya kwanza, na hesabu itakayoamua uzito wake ni ile aliyohesabiwa akiwa hajaota meno.